Kuchukua Injini ya Mashua Kutoka Skimu Mpaka Ziwani



Mwezi huu sitasema habari za mbolea wala za josho. Nataka tuzungumze juu ya kitu ninachokiona mara kwa mara nyuma ya pikapu na hata juu ya pikipiki katika barabara zetu za Koru, Muhoroni na Chemelil, kikielekea Kisumu na ufuo wa ziwa. Kitu hicho ni injini ndogo ya mashua.

Labda mgeni atauliza, mkulima wa miwa ana haja gani na injini ya mashua? Wewe wajua jibu. Miwa ya kwanza hukaa shambani miezi 18 au zaidi kabla ya kukatwa, na watoto hawangoji miezi 18 ili wale. Basi wengi wenu ambao nyumba za wazazi wenu ziko Asembo, Uyoma, Rusinga au Karachuonyo mmeungana wawili watatu, mkanunua mashua na injini, na ndugu mmoja hukaa kule akivua au akivusha abiria na mizigo yao. Hilo ni jambo jema. Lakini injini haiachwi ufuoni ovyo kwa sababu ya wezi, na wakati uvuvi wa omena unapofungwa hurudishwa nyumbani skimu. Tena hurudi ikihitaji fundi. Kwa hiyo injini hiyo husafiri sana kwenye nchi kavu, nayo yaweza kuharibika huko kabla haijagusa maji.

Nasema hivyo kwa kuwa yalinipata mimi mwenyewe. Shemeji yangu na wenzake wawili walinunua injini ya nguvu za farasi 15 kwa fedha za miwa. Mimi kwa kuwa ni karani, na zamani nilisomea ualimu, waliona kwamba mtu wa kusimamia safari ni mimi. Tuliipakia katika pikapu iliyofungwa turubai, tukailaza upande wowote uliopatikana, kichwa chake chini kidogo kwa sababu ya gunia la mchele lililokuwa chini ya mguu wake. Tangi la petroli tulilisukuma pembeni. Watoto watatu wakapanda humo humo juu ya magodoro, maana tulikuwa tunakwenda kuwaona wazee wao na tulijua kwamba huenda tungelala njiani.

Na kweli tulilala njiani. Tulifika Luanda Kotieno usiku, feri ya Mbita imekwisha kwenda. Mvua ikaanza, tukashusha turubai pande zote, tukalala humo na watoto na injini na petroli yetu. Usiku wa manane mtoto wa pili akaamka akitapika, akasema kichwa kinamuuma. Tulidhani ni samaki aliyekula jioni. Kulipokaribia kucha shemeji alitoa kiberiti ili awashe jiko la mkaa mlangoni pa pikapu, tupate chai. Wakati huo wavuvi wa omena walikuwa wanarudi na taa zao, na mzee mmoja aliyepita karibu alimshika shemeji mkono kwa nguvu, akamnyang'anya kiberiti.

“Wanangu,” akasema, “mnataka kuwachoma watoto hawa? Mimi nasikia petroli kutoka kule majini, ninyi mmelala ndani yake hamsikii?”

Tukafunua turubai. Skrubu ndogo ya hewa juu ya kifuniko cha tangi ilikuwa wazi. Kwa usiku mzima mvuke wa petroli ulikuwa ukitoka na kukaa humo. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hauruki juu kama moshi, bali hujaa sakafuni, pale pale walipolala watoto. Cheche moja ingetosha. Mtoto alipata nafuu alipokaa penye hewa safi, nasi tukampeleka zahanati kwanza kabla ya mambo mengine.

Hayo yalikuwa ya petroli. Ya injini yalikuja baadaye. Tulipoifunga mashuani, shemeji alivuta kamba ya kuwashia ikakataa kutoka. Nikavuta mimi, ikakataa. Tulikuwa tayari kuvuta watu wawili pamoja, lakini fundi wa hapo ufuoni akatuzuia. Alifungua plagi, akazungusha injini polepole kwa mkono, na oili ikaruka kutoka katika silinda ikamchafua shati. Akatutazama. “Bwana Karani,” akaniambia, “hii mmeileta kama gunia la viazi.”

Sasa nitakueleza alivyotueleza yeye, na yale niliyoyapata baadaye katika kitabu kilichokuja na injini, ambacho sikukisoma mapema ingawa nilikuwa nimekitia mfukoni.

Kwanza ujue injini yako ni ya namna gani. Kuna ile inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili katika tangi, na kuna ile yenye oili yake ndani kama motokaa. Ya kwanza ni nyepesi. Ile ya nguvu za farasi 15 huwa na kilo 36 hivi, na ya pili ya nguvu hizo hizo hukaribia kilo 50. Hii ya pili ndiyo yenye masharti magumu. Haifai kuilaza upande wowote upendao. Watengenezaji wameweka alama, au vibonge vidogo vya kuegemea, kuonyesha upande mmoja tu ambao yaweza kulazwa. Ukiilaza upande mwingine oili hutiririka mpaka ndani ya silinda, na hapo kamba haivutiki, maana silinda imejaa kitu kisichobonyea. Ukilazimisha kwa nguvu, waweza kupinda chuma cha ndani, na gharama yake ni kubwa.

Kwa injini zote mbili sharti lingine ni moja: kichwa kiwe juu kuliko mguu, safari nzima. Injini hupozwa kwa maji ya ziwa yanayopanda katika mguu, na mengine hubaki humo hata baada ya kuizima. Kichwa kikiwa chini maji hayo hurudi kwa njia ya moshi yakaingia katika silinda na kuleta kutu. Kwa hiyo kabla ya kuitoa mashuani, chomoa mpira wa petroli na uiache injini ifanye kazi, propela ikiwa majini, mpaka petroli iliyomo katika kabureta iishe na izime yenyewe. Kisha iondoe, isimamishe wima mpaka maji yote yatoke mguuni. Vuta kamba polepole mara moja au mbili ili yaliyobaki yatoke. Hapo ndipo ifungwe kwa safari.

Lakini iliyo bora kuliko kulaza ni kuisimamisha. Shemeji alitengeneza kisimamio cha mbao kwa saa moja: miguu miwili iliyopanuliwa chini, na juu yake ubao mnene wa inchi 2 kama ule wa nyuma ya mashua. Injini huning'inia hapo kama inavyoning'inia mashuani, skrubu zake zikikazwa kwa mkono barabara. Kisimamio hufungwa pande zote mbili za pikapu kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu, ambao hushika vizuri kuliko kamba ya katani, kwa sababu hunyumbuka barabara inaporuka. Propela huvikwa gunia. Ikiwa huna kisimamio na ni lazima ilale, tandika magunia yaliyojazwa makapi ya mpunga. Pale Ahero hayo hayakosekani. Usiisimamishe kamwe juu ya ncha ya mguu wake, wala usiruhusu mtu akalie kichwa chake, hata kama ni mjomba.

Wengine huniuliza juu ya pikipiki. Nimeona injini imefungwa kwa kukingama nyuma ya dereva, propela imetokeza nje kama pembe ya ng'ombe, na mwenye mali amekaa katikati akiikumbatia. Haifai kabisa. Ikiwa hakuna njia nyingine, basi mwenye mali apande gari lake mwenyewe na pikipiki ichukue injini peke yake, kichwa juu, bila petroli. Na katika matatu, injini isiwe na petroli ndani yake hata tone, wala mtungi wa petroli usipakiwe pamoja na abiria.

Habari ya petroli yenyewe yataka uangalifu zaidi kuliko chuma. Kaza kifuniko cha tangi na ile skrubu ya hewa pia. Usijaze tangi wala mtungi mpaka shingoni, kwa sababu petroli hutanuka kwa joto, na jua la Nyando walijua. Unapojaza kituoni, teremsha mtungi uuweke chini. Usiujaze ukiwa juu ya gari, kwa kuwa umeme mdogo wa msuguano waweza kuruka ukawasha mvuke. Mwisho wa safari ya siku, kama mtalala ndani ya gari au katika hema, mtungi ulale nje, mbali nanyi na mbali na jiko. Na jiko la mkaa lisiingizwe kamwe ndani ya gari lililofungwa, hata pasipo petroli; hewa yake haina harufu nayo huua watu usingizini.

Kuna jambo moja zaidi linalotuhusu sisi wa mashambani kuliko wavuvi. Gugumaji, ambalo lilianza kuonekana upande wetu wa ziwa karibu na mwaka 1990 na kuifunga ghuba ya Winam mara nyingi tangu hapo, hujizungusha katika propela. Kipande kidogo tu chenye shina kikiangukia katika bwawa lako la kunyweshea ng'ombe, au katika mfereji wa mpunga, chaweza kuota na kuenea. Basi iondoe yote ufuoni, na uisafishe mashimo madogo ya kuvutia maji yaliyo mguuni, kabla hujarudi nyumbani. Usingoje kuosha ukifika bwawani.

Chukua pia risiti yako, na nambari ya injini uiandike daftarini. Utaikuta katika kibati kidogo kwenye chuma cha kufungia. Askari akikusimamisha Ahero au Kisian utakuwa na jibu, na ikiibiwa utakuwa na la kuwaambia polisi na kamati ya ufuo.

Nikifikiri sana juu ya jambo hili hukumbuka kwamba sisi si wa kwanza. Meli ya William Mackinnon ilijengwa Scotland, ikaletwa Mombasa vipande vipande, na kwa kuwa reli ilikuwa haijafika hapa, wapagazi waliwekewa vipande hivyo vichwani kuvileta ziwani. Vingine vilipotea njiani. Hata hivyo iliungwa Kisumu ikaingia majini mwaka 1900, nayo reli ikafika Desemba mwaka 1901. Na yule Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyeuza injini zake za mashua huko Marekani tangu mwaka 1909, alitengeneza ya ratili 62, yenye nguvu ya farasi mmoja na nusu, ambayo mtu mmoja aliweza kuibeba kutoka nyumbani mpaka ziwani.

Safari yetu ya pili tulikwenda na kisimamio. Watoto walikaa mbele na mama yao, petroli tuliinunua karibu na ziwa badala ya kuibeba kutoka Muhoroni, na mimi nilikaa nyuma na injini. Tulipofika tuliiacha isimame nusu saa ili oili itulie, tukapima oili, tukaifunga mashuani na kuitia kamba ya usalama ili isizame hata skrubu zikilegea. Kila mtu alivaa jaketi lake la kuokoa maisha. Shemeji alivuta mara mbili, ikawaka. Yule mzee wa omena alikuwepo. Aliuliza kwanza habari za mtoto.