Taa ya jiko la nje: Nuru inayomfaa mchoma mishkaki wa Mombasa

Jua huzama mapema Mombasa. Kwa kuwa kisiwa hiki kimo karibu nyuzi nne tu kusini mwa Ikweta, wakati wa machweo haubadiliki sana mwaka mzima. Huwa kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasorobo jioni.

Saa hizo ndipo makaa yanapowashwa. Kuanzia Makadara hadi vichochoro vya Mji wa Kale, na kutoka Mwembe Tayari hadi ufuo wa Mama Ngina, wachomaji wa mishkaki, kuku, mihogo na mahindi huanza kazi wakati ambapo macho yamepungukiwa na nuru. Katika mwezi wa Ramadhani, biashara hiyo hushamiri zaidi baada ya swala ya tarawehe.

Wengi hudhani kwamba kinachomtofautisha mchomaji hodari na mwenzake ni viungo na makaa pekee. Hata hivyo, kipo kifaa kingine ambacho huamua iwapo nyama itaiva sawasawa, iwapo mteja atasimama au atapita, na iwapo mchomaji atarudi nyumbani bila kuungua. Kifaa hicho ni taa.

Kwa nini nuru ya makaa haitoshi

Makaa yaliyokolea hutoa mwanga mwekundu. Nyama mbichi nayo ni nyekundu. Kitu chekundu kinapomulikwa kwa mwanga mwekundu, jicho hushindwa kutofautisha rangi yake halisi. Nyama mbichi huonekana kana kwamba imekwisha kugeuka.

Taa za barabarani zenye mwanga wa rangi ya manjano pia zina kasoro hiyo. Zinatosha kumwonyesha mpita njia shimo lililo mbele yake, lakini zinafisha rangi nyingine zote.

Wataalamu wa mwanga hupima uwezo wa taa kuonyesha rangi halisi kwa kipimo kinachofikia 100. Balbu ya kale ya waya unaowaka hupata takriban 100, ilhali taa za manjano za sodiamu zilizotumika sana barabarani aghalabu hupata chini ya 30. Taa nzuri ya LED hupata 80 au zaidi, na zilizo bora hupita 90. Kipimo hiki huandikwa kwenye pakiti kwa herufi CRI au Ra, na mchomaji yafaa akitazame kabla ya kuangalia bei.

Jambo hili si la urembo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kipikwe hadi kifikie angalau nyuzi 70 za Selsiasi, na kwamba majimaji yanayotoka kwenye nyama au kuku yawe maangavu, wala si ya rangi ya waridi. Mchomaji aliye gizani hawezi kuyaona majimaji hayo.

Ni kweli kwamba rangi peke yake si ushahidi kamili. Nyama ya kusaga, kwa mfano, inaweza kugeuka kahawia kabla ya kufikia joto linaloua viini vya maradhi. Kipimajoto cha nyama ndicho mwamuzi wa mwisho. Lakini kwa mchomaji anayegeuza vijiti thelathini kwa mpigo, macho ndiyo mlinzi wa kwanza, na macho hayafanyi kazi pasipo nuru.

Kutoka koroboi hadi LED

Kwa miaka mingi, wachuuzi wa pwani walitegemea koroboi, kandili na karabai. Koroboi hutoa mwanga hafifu mno, takriban lumeni 10 tu. Karabai, taa ya kupiga pampu, hutoa mamia ya lumeni lakini ni nzito, ina kelele na huwa moto kiasi cha kumchoma anayeigusa.

Isitoshe, moshi wa mafuta ya taa si jambo la kupuuzwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa kati ya asilimia 7 na 9 ya mafuta yanayochomwa katika taa za utambi wa kawaida hugeuka kuwa masizi. Masizi hayo huingia kifuani mwa mchomaji, ambaye tayari anavuta moshi wa makaa na wa mafuta yanayodondoka kutoka kwenye nyama.

Ipo pia hatari ya moto. Mji wa Kale una vichochoro vyembamba, na nyumba zake nyingi zina milango ya nakshi na roshani za mbao. Koroboi ikiangushwa kando ya jiko lenye makaa, mafuta husambaa na moto hufuata. Gari la zimamoto haliwezi kuingia kila kichochoro.

Bei nayo ilisaidia kubadili mambo. Mwaka 2018, serikali ya Kenya ilianza kutoza Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia yasichanganywe na dizeli. Mafuta yaliyokuwa kimbilio la mnyonge yakawa ghali.

Wakati huo taa za LED zilikuwa zimeshuka bei. Ugunduzi wa LED ya buluu, uliowezesha kutengenezwa kwa mwanga mweupe, ndio uliowapa wanasayansi Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kenya na Ghana zilikuwa nchi za kwanza za majaribio katika mpango wa Lighting Africa wa Kundi la Benki ya Dunia, ulioanza mwaka 2007 kwa lengo la kueneza taa bora zisizotegemea nyaya za umeme.

Taa ya jiko huwaje

Taa iliyokusudiwa jiko la nje ina sehemu tatu za msingi. Ya kwanza ni kichwa chenye LED. Ya pili ni shingo ya chuma inayopindika na kubaki pale inapowekwa, ili mwanga uelekezwe kwenye nyama wala si kwenye macho ya watu. Ya tatu ni tako, ambalo huwa na kibanio au sumaku, pamoja na betri ya kuchaji.

Shingo hiyo ndiyo yenye thamani kuliko yote. Mwanga hupungua upesi kadiri taa inavyosogezwa mbali: umbali ukizidishwa mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo tu. Taa ndogo iliyo sentimita 50 kutoka kwenye wavu inaweza kushinda balbu kubwa iliyoning'inizwa mita tatu juu.

Kwa upande wa nguvu, taa ya wati 3 hutoa takriban lumeni 250 hadi 300, nazo zinatosha jiko la pipa lililopasuliwa katikati. Anayetumia majiko mawili anahitaji taa mbili, kwani taa moja kali huacha kivuli kizito upande wa pili.

Sumaku ina masharti yake. Hushika vyema kwenye bati na pipa la chuma cha kawaida, lakini haishiki aluminiamu, na aina nyingi za chuma kisichoshika kutu huikataa. Aidha, sumaku ndogo za kisasa aghalabu huanza kupoteza nguvu zikipata joto la nyuzi 80 hivi. Kwa hivyo, si busara kuibandika kwenye ubavu wa jiko lenyewe. Ibandikwe kwenye mguu wa meza, au kitumike kibanio kwenye ubao wa kukatia.

Betri na hesabu yake

Betri za lithiamu huchukia joto. Kwa kawaida hazifai kuchajiwa katika joto linalozidi nyuzi 45, na watengenezaji wengi huonya zisitumike katika joto la zaidi ya nyuzi 60. Hewa iliyo juu ya makaa hupita kiwango hicho kwa mbali. Betri iliyopashwa joto kila usiku huchakaa mapema, na ikiharibika inaweza kuvimba au kushika moto.

Je, betri ya ukubwa gani inatosha? Hesabu si ngumu. Mchomaji anayeanza saa kumi na mbili na nusu jioni na kufunga saa tano usiku hufanya kazi saa nne na nusu. Taa ya wati 3 itatumia wati-saa 13.5. Betri ya volti 3.7 yenye maandishi 2000mAh ina wati-saa 7.4 pekee, hivyo itazimika kabla ya saa tatu usiku, biashara ikiwa imepamba moto. Inahitajika betri ya angalau 4000mAh, na ya 5000mAh ni salama zaidi kwa kuwa kila betri hupungua nguvu inapozeeka.

Gharama ya kuichaji ni ndogo. Kwa siku 30, taa hiyo itatumia takriban wati-saa 405, yaani chini ya nusu ya uniti moja ya stima. Hata uniti ikiuzwa Sh30, mchomaji hatafikisha Sh15 kwa mwezi. Asiye na stima anaweza kutumia paneli ndogo ya sola ya wati 5, ambayo ikipata saa tano za jua kali huweza kurejesha nguvu zilizotumika usiku.

Faida ya kuwa na nuru isiyotegemea waya ilionekana Kenya usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima na maeneo mengi yakakaa gizani kwa saa nyingi. Majirani wa Zanzibar walionja zaidi. Mwaka 2008 kisiwa cha Unguja kilikosa umeme kwa takriban mwezi mmoja, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kikakosa tena kwa miezi mitatu. Bustani ya Forodhani, mashuhuri kwa vyakula vya usiku, ilikuwa imefunguliwa upya mwaka huo wa 2009 baada ya ukarabati. Aliyekosa jenereta au taa yake mwenyewe alikosa soko.

Upepo, chumvi na wadudu

Taa iwekwe upande ambako upepo unatoka. Wakati wa kusi na wakati wa kaskazi upande huo hubadilika, na ndani ya vichochoro upepo hugeuka ovyo. Njia rahisi ni kutazama moshi unakoelekea na kuiweka taa upande wa pili. Hapo itaepuka cheche, mafuta na masizi.

Wapo wanaopendelea taa ya kuvaliwa kichwani. Hiyo huacha mikono huru, lakini mwanga wake hugonga moshi na kurudi machoni, kama taa kali za gari zinavyofanya kwenye ukungu. Vilevile, kila mchomaji anapoinua uso kumjibu mteja, humpiga mwanga wa macho.

Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, nayo hula vyuma na nyaya upesi. Taa yenye alama ya IP44 huhimili matone ya mvua, na yenye IP65 huzuia vumbi na maji yanayorushwa kwa nguvu. Kioo chake kifutwe kila usiku baada ya kupoa, kwani tabaka la mafuta na masizi hupunguza mwanga hata kama betri imejaa.

Kuhusu wadudu, mwanga wenye umanjano kidogo huwavuta wachache kuliko mweupe wenye ubuluu. Mchomaji achague taa yenye maandishi 2700K hadi 3000K, ila ahakikishe kipimo cha kuonyesha rangi kimefika 80 au zaidi.

Mnunuzi asisahau kutafuta alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (Kebs). Taa bandia hujigamba kwa lumeni elfu kadhaa na betri isiyolingana na uzito wake. Dawa ni kuijaribu dukani: iwashwe, ielekezwe kwenye kiganja cha mkono, na mnunuzi atazame iwapo ngozi inabaki na rangi yake ya kawaida. Ikiwa mkono unaonekana wa kijivu kama wa maiti, nyama nayo itaonekana hivyo hivyo, na mteja aliyesimama mbele ya jiko hatajua kama anauziwa iliyoiva au mbichi.