Wales: nchi iliyolelewa na Biblia, mashairi na makaa ya mawe

Msomaji wa Afrika Mashariki amekwisha kukutana na mtu wa Wales shuleni, pengine bila kujua. Henry Morton Stanley, aliyemkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, alizaliwa mwaka 1841 katika mji wa Denbigh akiitwa John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini. Lakini anayetaka kuielewa nchi hii ya watu milioni 3 hivi, iliyopakana na Uingereza upande wa mashariki, asianzie kwake. Aanzie kwa kasisi William Morgan.

Sheria ya mwaka 1536 ilikuwa imekiondoa Kiwelshi mahakamani na serikalini. Mwaka 1588 Morgan, kasisi wa kijijini, alitoa Biblia nzima kwa Kiwelshi. Lugha iliyofukuzwa ofisini ikapata makao kanisani, na mkulima asiye na elimu akawa anaisikia kila Jumapili katika ufasaha wake wote. Kwa maoni yangu, majina mengi makubwa ya Wales yametoka katika mlango huo.

Ann Griffiths ni mmoja wao. Alizaliwa mwaka 1776 katika shamba la Dolwar Fach, na alikuwa akitunga tenzi za dini huku akiendelea na kazi za nyumbani, kisha akimsomea mtumishi wake, Ruth Evans. Mwaka 1805 alifariki, muda mfupi baada ya kujifungua, akiwa na miaka 29. Karibu kila alichotunga kingezikwa naye, ila Ruth alikuwa amekihifadhi kichwani. Hakujua kuandika, alimtamkia mumewe, mhubiri John Hughes, naye akaandika. Beti hizo, kama 70, zinahesabiwa leo miongoni mwa mashairi bora ya Kiwelshi. Mimi namheshimu Ruth sawasawa na bibi yake.

Muziki nao umekulia makanisani, ambako waumini huimba kwa sauti nne na vijiji vya wachimba migodi vikawa na kwaya zao za wanaume. Wimbo wa taifa ulitungwa Pontypridd mwaka 1856: maneno ya baba, Evan James, na muziki wa mwanawe James.

Mashairi yana heshima ya kitaifa. Kila mwaka hufanyika tamasha kubwa, Eisteddfod, na mshindi wa ushairi wa kanuni kali, usiokubali kosa la sauti wala mizani, hukalishwa katika kiti cha heshima. Septemba 1917, mjini Birkenhead, tarumbeta ilipigwa, jina la siri la mshindi likaitwa. Hakusimama mtu. Ikatangazwa kwamba mshindi, Ellis Humphrey Evans, mchungaji wa kondoo wa Trawsfynydd anayejulikana kama Hedd Wyn, aliuawa vitani Ubelgiji tarehe 31 Julai. Kiti kikafunikwa kitambaa cheusi. Waziri Mkuu David Lloyd George alikuwapo, naye ndiye aliyeiongoza serikali katika vita ile. Kiwelshi kilikuwa lugha yake ya kwanza, na alilelewa na mjomba wake, fundi viatu aliyekuwa pia mhubiri. Kabla ya vita alikuwa amepigania pensheni ya wazee na bima ya wafanyakazi.

Kazi hiyo ilifikishwa mbali zaidi na Aneurin Bevan wa Tredegar, mtoto wa mchimba makaa, ambaye naye aliingia mgodini akiwa kijana mdogo. Hakukua akizungumza Kiwelshi, lakini baba yake alipenda mashairi na nyimbo za lugha hiyo. Mjini kwao wafanyakazi walikuwa wakikatwa fedha kidogo katika mshahara ili wao na familia zao wapate daktari na hospitali. Bevan alipokuwa Waziri wa Afya alilikumbuka jambo hilo, na tarehe 5 Julai 1948 wakazi wa Uingereza, Scotland na Wales wakaanza kutibiwa bila kulipa chochote mlangoni kwa daktari.