Garsen: Vita vya sidi viliisha mbali, biashara ya hom thieta yakwama kwenye stima

Ushindani kati ya Blu-ray na HD DVD uliisha Februari 2008, HD DVD ilipoachwa na watengenezaji wake. Blu-ray ilishinda ikiwa na nafasi ya GB 25 kwa tabaka moja na GB 50 kwa mbili, dhidi ya GB 15 na 30 za mpinzani wake. Garsen na sehemu kubwa ya Tana River hazikuona matunda ya ushindi huo. Wateja walitoka VCD wakaingia DVD, kisha wakahamia moja kwa moja kwenye flashi na memori kadi. Leo anayetafuta hom thieta huuliza kwanza tundu la flashi na Bluetooth. Mdomo wa sidi umekuwa ziada.

Hasara iko kwenye ubora. Wufa nyingi za bei nafuu husoma flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32, usiokubali faili moja kufikia GB 4. Kwa hiyo filamu hukamuliwa hadi iingie, na mara nyingi sauti yake hubaki ya njia mbili tu. Mteja aliyelipia spika tano na besi yake husikia sauti ileile ikirudiwa pande zote za sebule. Filamu iliyosimuliwa na dije kwa Kiswahili ndiyo inayovuta watu, nayo haihitaji zaidi ya hapo. Ni biashara inayolisha vijana wengi, ingawa kunakili filamu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001.

Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya umeme mjini Garsen, aliyeomba asitajwe jina, hana ugomvi na sidi wala flashi. Kilio chake ni stima. Anasema mteja hununua wufa Ijumaa, umeme hupotea usiku na kurudi kwa kishindo, na Jumatatu asubuhi mzigo uko mezani pake ukinuka kuungua. Waranti ya muuzaji wa jumla wa Mombasa haigusi kifaa kilichounguzwa na umeme. Akirudisha pesa, faida ya mizigo kadhaa imekwenda. Akikataa, habari hufika Minjila na Tarasaa kabla ya adhuhuri. Kudai fidia kwa kampuni ya umeme, anasema, ni kupoteza nauli. Sasa humshauri kila mnunuzi achukue na kidhibiti umeme, lakini wengi humwona kama anayetaka kuwauzia kitu cha pili.

Malalamiko yake hayaishii hapo. Mafuriko ya 2023 na 2024 yalipokata barabara katika kaunti hii, mzigo ulichelewa na nauli yake ikapanda, huku kodi ya VAT ya 16% ikibaki palepale.

Kuhusu stima, afisa mmoja anayefuatilia masuala ya nishati anajibu kwa takwimu moja: robo tatu ya Wakenya wamefikiwa na umeme, na laini ya kilovolti 220 kutoka Rabai hadi Lamu inapitia Garsen. Laini kupita ni jambo moja, nyumba kuwaka ni jingine. Sensa ya 2019 ilikuta 50.4% ya kaya nchini zikitumia umeme wa gridi kwa mwanga, 19.3% zikitumia sola, na 40.7% tu zikiwa na runinga inayofanya kazi. Hiyo ni nchi nzima, Nairobi ikiwemo. Tana River, iliyokuwa na watu 315,943 wakati huo, wengi wao wafugaji na wakulima wa kandokando ya mto, ni vigumu kuamini imeupita wastani huo. Afisa hakutoa takwimu ya kaunti.

Huenda soko likakua kupitia sola. Runinga na wufa za volti 12 zinazotumia betri moja kwa moja hazisumbuliwi na gridi, na kwa vijiji vya delta pengine ndizo njia pekee. Lakini betri zikichoka, gharama hurudi kwa mwenye nyumba, na bando za kutazama filamu mtandaoni bado ni ghali kwa walio wengi.

Kwa anayenunua sasa: nenda dukani na flashi yako mwenyewe, jaribu kila spika peke yake, na hakikisha waranti inaeleza kwa maandishi kama inagusa uharibifu wa umeme au la.