Boti Zikisimama: Kujiandaa kwa Dhoruba Visiwani

Kimbunga Hidaya kilipokaribia kisiwa cha Mafia, Tanzania, mwanzoni mwa Mei 2024, Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga ilitoa tahadhari kwa Pwani yote ya Kenya, Lamu ikiwemo: upepo mkali na mawimbi ya zaidi ya mita 2. Mafia ni mbali. Lamu yahusika vipi?

Ni kweli kwamba ni nadra kitovu cha kimbunga kufika hapa. Kimbunga hupata mzunguko wake kutokana na kuzunguka kwa dunia, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni ndogo mno. Lamu iko kama digrii 2 tu kusini mwa ikweta. Unguja, iliyo digrii 6, ilipigwa Aprili 15, 1872. Mikarafuu ikang'oka na merikebu za Sultani zikaangamia.

Lakini kimbunga cha mbali hutuma mawimbi, na hayo yatosha kusimamisha boti. Boti zikisimama, unga haufiki Faza wala Kiwayu, na mgonjwa haondoki. Hili ndilo la kujiandalia zaidi: nyumba iweze kujitegemea kwa siku 3 bila kuvuka maji.

Mama mjamzito aliyekaribia kujifungua, hasa wa Kizingitini, Ndau au Kiwayu, asingoje uchungu. Tahadhari ikitoka, apelekwe mapema kwa jamaa walio karibu na hospitali, bahari ikiwa bado inapitika. Mwenye sukari au presha achukue dawa za kutosha wakati huo huo.

Maji ya kunywa yajazwe kwenye mitungi yenye vifuniko. Wanaotegemea jabia wafagie sakafu na mifereji yake kabla ya mvua. Bahari ikipanda wakati wa bamvua, visima vifupi vyaweza kuingia chumvi na uchafu wa vyoo. Maji yake yasinywewe bila kuchemshwa, na yakiwa na chumvi yaachwe.

Paa la makuti hushikwa vyema na wavu mkuukuu uliotandazwa juu na kufungwa kwenye boriti. Kwenye mabati, misumari iliyolegea igongelewe, na mawe yaliyowekwa juu yateremshwe: upepo ukiinua bati, jiwe huangukia watu. Punda wasifungwe chini ya minazi.

Nahodha avute chombo juu ya alama ya maji makuu na kung'oa mashine. Wavuvi hodari wamewahi kuamini kwamba wataiwahi dhoruba. Ukaidi huu hauna faida.

Vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vifungwe kwenye mfuko wa plastiki. Simu ichajiwe mapema, maana umeme hukatika. Kwa dharura, Msalaba Mwekundu hupatikana bila malipo kwa nambari 1199.