Vijana na Swali la “Mimi ni Nani?” (3): Wiki Nane Darasani

Wiki iliyopita tuliishia kwa Erik Erikson na hoja yake kwamba kazi kubwa ya ujana ni kujijua. Mwaka 1966 James Marcia aliifanya hoja hiyo ipimike. Aliuliza mambo mawili tu: kijana amewahi kutafuta? Ameshaamua? Anayetaka udaktari kwa kuwa baba ni daktari, bila kujiuliza lolote, kwa Marcia bado hajafika, hata kama nyumbani wanamsifu kwa utulivu wake.

Juu ya msingi huo Adriana Umaña-Taylor, akiwa Arizona, aliandaa mpango uitwao Identity Project. Ni vipindi 8, kimoja kila wiki, kuhusu asili: kabila, rangi, historia ya ukoo. Mwanafunzi humhoji mtu wa kwao na kupiga picha za vitu anavyoona vinaeleza alikotoka. Mkufunzi hatoi jibu. Aliyepitia jando au unyago ataiona tofauti mara moja: kule wakubwa husema na mwari husikiliza, huku mtoto ndiye mwenye maswali, bibi akiwa wa kujibu.

Kilichonivutia zaidi ni namna mpango ulivyopimwa. Wanafunzi walikuwa 218, wa darasa la tisa. Madarasa yaligawanywa kwa kura: baadhi yakapata mpango, mengine kwa muda huohuo yakafundishwa habari za masomo na kazi baada ya sekondari. Kundi la pili lingeachwa hivihivi, mtu angedai kwamba watoto walichangamka kwa sababu tu wamepata mgeni darasani.

Matokeo yalitoka 2018. Waliopata mpango walizidi kuchimba asili yao, na kuchimba huko kukawafanya baadaye waelewe vizuri zaidi asili hiyo ina maana gani kwao. Mwaka mmoja baadaye uelewa huo uliambatana na kujithamini zaidi, dalili chache za sonona na alama bora. Tusiruke hatua: mpango haukupandisha alama moja kwa moja, na jaribio lenyewe lilikuwa dogo.

Ndiyo maana Italia ina uzito. Huko mpango ulijaribiwa kwa wanafunzi 747 katika madarasa 45, wengi wao wakiwa wenyeji. Kuchimba asili kuliongezeka huko pia. Toleo lijalo tutaingia katika madarasa hayo.