Injini kama Kiungo cha Umbo la Trekta: Athari Zake katika Kuitoa kwa Ukarabati Mkubwa

Katika lori, injini ni mzigo unaobebwa na fremu; ikitolewa, gari hubaki limesimama. Katika matrekta mengi ya shambani hali ni kinyume: injini yenyewe ni sehemu ya fremu. Muundo huu ulienezwa na trekta la Fordson, lililoanza kuundwa nchini Marekani mwaka 1917, ambalo injini, giaboksi na ekseli yake ya nyuma vilifungwa kwa bolti vikawa mwili mmoja. Kwa hiyo, kutoa injini katika trekta la aina hiyo ni kulikata trekta vipande viwili, na hatari kuu ya kazi hiyo hutokana na jambo hilo.

Si kila uchakavu hudai injini itolewe. Pale ambapo silinda zina slivu zinazobadilishika, slivu, pistoni na ringi huweza kubadilishwa bloku ikiwa mahali pake. Hata hivyo, krenkshafti inayohitaji kuchongwa upya haina budi kutolewa. Hali kadhalika, bloku isiyo na slivu, kama ile ya Ford 5000 ya mwaka 1964, hupelekwa kwenye mashine ili silinda zake zitanuliwe.

Maandalizi huanza kwa kutenganisha betri, kisha kumwaga maji na oili, kuondoa boneti na kufungua mabomba na nyaya zinazovuka kiungo cha injini na giaboksi. Kabla bolti za kiungo hicho hazijalegezwa, mambo mawili hukamilishwa. Kwanza, giaboksi huegemezwa juu ya stendi imara na magurudumu ya nyuma huzuiwa yasizunguke. Jeki pekee haitoshi, kwa kuwa ile ya haidroli huweza kuvuja na kushuka. Pili, kabari za mbao hupigwa pande zote mbili kati ya ekseli ya mbele na kishikizo chake. Ekseli hiyo huning’inia kwenye pini moja ya katikati ili ifuate mabonde na matuta ya shamba. Nusu ya mbele ikishaachana na ya nyuma, hakuna kinachoizuia kupinduka isipokuwa kabari hizo.

Baada ya hapo, nusu ya mbele husogezwa mbele kwa mstari ulionyooka hadi shafti ya giaboksi itoke kwenye klachi. Ikikwama, hailazimishwi, hutafutwa bolti iliyosahauliwa au tofauti ya kimo kati ya nusu hizo mbili. Uzito ukiachwa uning’inie kwenye shafti, sahani ya klachi hupinda. Mwishowe injini hushikwa kwa minyororo ya kreni, ndipo kishikizo cha ekseli ya mbele kifunguliwe.

Matrekta yenye fremu kamili, kama mfululizo wa John Deere 6000 wa mwaka 1992, hayaitegemei injini kubeba umbo lake. Kuitoa hakuuvunji mwili wa trekta. Hivyo basi, swali la kwanza la fundi si injini ina uzito gani, bali ni nini kitakachobeba trekta injini ikishaondoka.