Je, Wajua? Kahawa Haiondoi Uchovu, Huuficha Tu

Je, wajua kwamba usingizi wa jioni una kemikali inayouleta? Inaitwa adenosini. Seli zikitumia nishati, adenosini hubaki, nayo hurundikana ubongoni tangu unapoamka.

Je, wajua kwamba adenosini haihitaji kuingia ndani ya seli ili ikulaze? Hunasa kwenye kipokezi, protini iliyopenya utando wa seli mara 7. Kipokezi hubadilika umbo, huamsha protini nyingine zilizo upande wa ndani, na seli ya neva hupunguza kasi. Waliofumbua namna vipokezi vya ukoo huu vinavyofanya kazi, Robert Lefkowitz na Brian Kobilka, walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2012.

Je, wajua kwamba kafeini iliyomo kwenye kahawa haikupi nguvu? Imefanana na adenosini, hivyo hukalia kipokezi chake bila kukiamsha, kama abiria aliyewahi kiti chako ndani ya basi. Adenosini huendelea kurundikana, na kafeini ikishaondoka, uchovu wote hukushukia kwa pamoja.

Je, wajua kwamba kwa mtu mzima nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa 5 hivi? Ukinywa kahawa saa 11 jioni, saa 4 usiku nusu yake bado imo. Kwa mjamzito hukaa muda mrefu zaidi. Shirika la Afya Duniani linawashauri wajawazito wanaozidisha miligramu 300 kwa siku wapunguze.

Je, wajua kwamba robusta, kahawa inayolimwa sana Kagera na Uganda, ina kafeini karibu maradufu ya arabika ya Kilimanjaro?

Je, wajua kwamba moyo nao una vipokezi vya adenosini? Kwa baadhi ya wagonjwa ambao mapigo ya moyo yanakwenda mbio kupita kiasi, daktari huchoma adenosini mshipani kwa haraka. Moyo huweza kusimama kwa sekunde chache, kisha ukarudia mdundo wake wa kawaida. Nusu ya dawa hiyo hutoweka damuni kabla ya sekunde 10.

Je, wajua kwamba watoto njiti wanaosahau kupumua hupewa kafeini hospitalini? Huzuia adenosini isiukandamize ubongo, na mtoto huendelea kuvuta pumzi.

Je, wajua kwa nini mnywaji wa kahawa wa kila siku huumwa kichwa akiikosa? Vipokezi vikiachwa wazi, adenosini huvivamia na mishipa ya damu ya kichwani hutanuka.

Adenosini hupungua ubongoni unapolala. Kwa hiyo, dereva wa safari ya usiku, macho yakianza kuwa mazito usitegemee kikombe kingine. Egesha gari mahali salama, ulale.